Milioni Mbili na Laki Nne

Lugusha aliifungulia juu ya boneti ya gari,
akavua kifuniko cha mahameli,
akasema, "Fundi, shika, usiogope."
Mikono yangu ilinuka vitunguu.
Niliifuta kwenye suruali kwanza.

Milioni mbili na laki nne
kwa fimbo ya mwisho tu, ya kuusindikiza mpira shimoni,
hatua tatu, hatua nne,
safari ambayo mtoto angeimaliza kwa kidole cha mguu.
Uso wake umechongwa mistari myembamba,
mgongoni nyota nne nyekundu, na nambari:
ya kumi na saba kati ya hamsini.
"Hamsini tu, dunia nzima," akasema.

Nikapiga hesabu kwa ndoo, maana yeye ni mtu wa asali.
Ndoo kumi na tano kutoka Sikonge.
Warina wangapi juu ya miyombo usiku,
moshi machoni, nyuki kolani?
Sikuuliza. Hiyo gari yenyewe ni ndoo ngapi?

Na uwanja wetu wa Tabora hauna majani penye mashimo.
Una mchanga tulioulowesha oili chafu;
mimi mwenyewe niliibeba kwa madumu kutoka karakana,
miaka ile vichwa vya treni vilipokuwa vikivuja kwa fahari.
Kabla ya kupiga unaburuta gunia,
unafuta nyayo za kanga, za mbuzi wa Mama Nyamizi,
na za aliyekutangulia.
Mpira hauzijui nyota nne nyekundu.
Unaijua changarawe.

Sizya, mbeba mikoba, ana yake:
mpini wa mninga, kichwa cha shaba
nilichomkatia kwenye beringi kuukuu ya behewa.
Wakashindana, mipira kumi kumi.
Lugusha kwa fimbo yake: sita.
Lugusha kwa fimbo ya Sizya: mitano.
Sizya kwa yoyote ile: saba.
Basi tofauti ni mpira mmoja,
na hata huo uligonga kisoda ukageukia shimoni.
Vijana walicheka mpaka wakakaa chini.

Nami nilikuwa na jibu tayari, la wazee wa pensheni:
upumbavu, fedha imekosa kazi.
Lakini nilikuwa nimeishika.
Ilinyamaza mkononi.
Miaka thelathini na moja nimeshika vyuma,
najua kinacholalamika na kinachonyamaza.
Kuna mtu mahali fulani aliyekosa usingizi
kwa ajili ya unene wa unywele pale ubavuni,
mahali ambapo hakuna jicho litakalofika.

Mwaka wa sabini na tisa nilichonga wenzo wa filimbi ya treni,
wiki tatu, tupa na msasa, nikirudia.
Msimamizi akaniuliza, "Itaongeza mwendo?"
Haikuongeza mwendo.
Treni ilichelewa Kaliua kama kawaida yake.
Wenzo ule ulikuwa mzuri, nasema kweli,
na dereva mmoja tu, Mzee Katabazi,
aliupapasa siku moja akapita bila neno.

Kwa hiyo Lugusha aliponigeukia,
jasho shingoni, watu wamemzunguka,
"Fundi, sema wewe, nimeibiwa?"
ulimi ulinikwama.
Yeye kanunua nambari kumi na saba.
Mimi ningenunua ule ubavu.
Nikasema, "Ni kazi safi,"
akasikia alichotaka kusikia,
akairudisha kwenye mahameli kama anamlaza mwana.

Usiku Sizya akabisha hodi Ng'ambo, nyumbani kwangu,
shaba yake kaifunga kwenye kitambaa.
"Ile mistari, Fundi. Inawezekana?"
Nikamwambia haitasaidia kitu kwenye mchanga.
Akasema anajua.
Tukaibana kwenye jiriwa, nikatafuta miwani,
tukaanza kukwangua, mmoja mmoja,
yeye akinimulikia kwa simu.
Mstari wa tisa ukapinda.
Sote wawili tuliuona.
Nikapuliza vumbi la shaba, nikaanza wa kumi.